Kubeba Pikipiki Nyuma ya Pikapu Kutoka Nairobi: Mwongozo Kamili

Simama kando ya Kangundo Road Jumamosi asubuhi, hutakaa sana kabla hujaiona: pikapu inatoka mjini, nyuma pikipiki imesimama kwa stendi, na juu yake kijana ameketi akishika usukani kwa mikono miwili. Kazi aliyopewa ni kuizuia isianguke. Gari likipanda tuta, pikipiki inaruka na kijana anaruka nayo.

Binamu yangu alivunjika kifundo cha mguu akifanya kazi hiyo, na dereva nilikuwa mimi. Tulikuwa tunapeleka pikipiki aina ya Boxer nyumbani, tumeshapita Joska, mbuzi akaingia barabarani, nikakanyaga breki. Sikuwa naenda mbio. Pikipiki ilichomoka kwenye stendi, ikaserereka mbele, ikambana mguu kwenye ukuta wa bodi. Tangu siku hiyo sijabeba mtu nyuma pamoja na pikipiki, na nimejifunza kuifunga hadi itulie kana kwamba imechomelewa sakafuni. Nimebeba nyingi tangu hapo, za jamaa, za majirani, za vijana wa steji wanaopeleka boda ushago, na haya ndiyo ninayoyafuata.

Kwanza elewa kwa nini mikono ya mtu haitoshi. Boda ya kawaida ya cc 125 au 150 ina uzito wa kama kilo 110 hadi 125. Kanuni za kufunga mizigo zinazotumika Ulaya huhesabu kwamba breki kali husukuma mzigo mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na kwamba kona huusukuma upande kwa nusu ya uzito. Pikipiki ya kilo 120 basi inakuja mbele kwa nguvu ya kilo 96, ghafla, na kijana aliyeketi juu yake naye anatupwa mbele kwa wakati uleule. Hana pa kujishikilia, atashikaje kitu kingine?

Pima kabla ya kukodi gari

Boda nyingi zina urefu wa karibu mita 2. Hilux au D-Max ya kebini moja ina bodi inayozidi mita 2, kwa hiyo pikipiki inaingia imenyooka na mlango wa nyuma unafungwa. Hiyo ndiyo pikapu ya kutafuta. Townace na ndugu zake ni nzuri pia kwa sababu sakafu yake iko chini, na kupandisha ni rahisi.

Pikapu ya kebini mbili ndiyo yenye taabu. Bodi yake ni kama mita 1.5 tu. Watu hufungua mlango wa nyuma, wakaacha tairi la nyuma likae juu yake, na mlango wenyewe umeshikwa na nyaya mbili nyembamba. Kwa gari lililosimama, nyaya hizo zinatosha. Kwa gari linaloruka mashimo na uzito wa tairi unapiga juu yake kila mara, sizitegemei. Jaribu kwanza kuiweka mshazari: bodi ya mita 1.5 kwa mita 1.5 ina mita 2.1 kutoka pembe hadi pembe, na boda nyingi, ukipima kutoka ncha ya tairi la mbele hadi ncha ya tairi la nyuma, ziko chini ya hapo. Tairi la mbele linakaa kwenye pembe ya mbele, la nyuma kwenye pembe ya nyuma, na mlango unafunga. Matao ya matairi ya gari yanaweza kukupunguzia nafasi, kwa hiyo nenda na futi ya kupimia, usikadirie kwa macho. Ikibidi mlango ubaki wazi, ning'iniza kitambaa chekundu kinachoonekana mbali, usisafiri usiku, na usifunge mkanda wowote kwenye mlango huo.

Halafu kagua mahali pa kufungia. Tafuta pete au ndoano nne zilizoshikwa kwenye chuma kinene: mbili mbele, mbili nyuma. Zishike moja moja uzitikise. Bomba za juu ambazo wenye pikapu huchomelea kwa ajili ya turubai hupendeza macho, lakini nyingi zimeshikwa na bati tu, na bati huchanika. Kama gari ni lako na halina pete, fundi wa jua kali anaweza kukufungia pete nne kwa bolti za milimita 10, na chini ya sakafu akaweka kipande cha chuma bapa ili bolti isipenye bati. Kabla hajatoboa, ingieni nyote wawili chini ya gari muone tenki la mafuta, mabomba ya breki na nyaya za umeme zinapita wapi.

Vifaa

Unahitaji mikanda minne ya racheti, yaani yenye kifaa cha chuma cha kuikazia, na wa tano wa tairi la nyuma. Mkanda wa upana wa milimita 25 unatosha kwa boda. Kwa pikipiki kubwa za cc 250 kwenda juu nunua wa milimita 35 au zaidi. Soma lebo iliyoshonwa juu yake. Herufi LC zinafuatwa na nguvu ambayo mkanda umeruhusiwa kubeba, kwa kipimo cha daN, na daN moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja. Mimi sinunui wenye LC chini ya 250. Rangi ya lebo nayo ina maana: ya buluu ni poliesta, ya kijani ni nailoni, ya kahawia ni polipropilini. Chagua ya buluu. Poliesta haivutiki sana na maji hayaibadilishi. Nailoni ikilowa hulegea, na ukitoka mjini kwenye mvua za Aprili utalijua hilo kabla hujafika Thika. Mkanda usio na lebo kabisa uache dukani, hata ukiwa nusu bei.

Mpira uliokatwa kutoka tyubu ya tairi, ule tunaofungia makreti na magunia kwenye boda, haufai hapa. Unavutika. Kila tuta unaipa pikipiki nafasi ya kuinuka kidogo, kisha unairudisha kwa kishindo, na baada ya kilomita 50 fundo limeshateleza. Kamba ya katani nayo ina tabia yake: ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea. Ukiifunga asubuhi yenye umande, saa sita mchana jua likiwaka utakuta imekuwa ndefu.

Kama mikanda haipatikani kabisa, tumia kamba nene ya manila na fundo la mautingo wa malori. Funga ncha moja kwenye pikipiki. Katikati ya kamba fanya kitanzi kidogo kisichoteleza, pitisha ncha ya pili kwenye pete ya gari, irudishe juu ipite ndani ya kitanzi, kisha vuta kuelekea chini. Kitanzi kinafanya kazi kama puli, na unakaza kwa nguvu kuliko ile ya mkono mtupu. Bana kwa vidole, kisha malizia kwa mafundo mawili. Ukimpata utingo wa siku nyingi, muombe akufundishe kwa mkono. Dakika tano zinatosha.

Ongeza vitanzi laini viwili vya kuzungushia kwenye chuma cha pikipiki ili ndoano zisiguse rangi wala nyaya. Mimi natumia vipande vya mkanda wa usalama wa gari nilivyopata kwa mafundi wa magari makuukuu, kila kimoja sentimita 50, ncha zimeshonwa na fundi wa viatu kwa uzi mnene. Vimenitumikia vizuri.

Ubao wa kupandishia ndio kifaa ambacho watu hukibania pesa, na ndicho kinachoumiza watu. Nunua mbao ya inchi 12 kwa 2, urefu futi 8, isiyo na fundo kubwa la tawi katikati. Urefu una maana kubwa. Kama sakafu ya pikapu iko sentimita 80 kutoka ardhini, ukisukuma pikipiki ya kilo 120 kwenye ubao wa futi 8 unasukuma kama kilo 40. Ubao ukiwa wa futi 6, zinakuwa kilo 53, na mteremko ni mkali kiasi kwamba chuma cha chini ya injini kinaweza kugusa ukingo wa bodi. Toboa matundu mawili kwenye ncha ya juu, upitishe kamba ya kuufunga kwenye gari. Ubao usiofungwa hurudi nyuma pale tairi la nyuma linapoanza kupanda, na pikipiki inaanguka kati ya ubao na gari.

Mwisho, tengeneza kizuizi cha tairi la mbele. Chukua kipande cha ubao cha urefu wa futi 2, kipigilie mbao mbili za inchi 4 kwa 2 zilizosimama sambamba, na kati yake acha nafasi ya inchi 3. Boda nyingi zina tairi la mbele la inchi 2.75, kwa hiyo linaingia likabanwa. Mafundi wa mbao Gikomba wanakutengenezea ukiwa umesimama hapo hapo.

Andaa pikipiki

Petroli ibaki robo tenki au chini. Funga koki ya petroli. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukishuka Mombasa au ukiteremka bondeni kwa njia ya Mai Mahiu joto linaongezeka. Tenki lililojaa hadi mdomoni hutoa petroli kupitia kifuniko. Ondoa vioo, au vigeuzie ndani. Toa kila kitu kilichofungwa kwenye keria: koti la mvua, kofia, sanduku la mizigo. Jaza upepo wa kawaida kwenye matairi, maana tairi laini hufanya mikanda ilegee.

Pikipiki ya umeme yenye betri ya kubadilisha, kama zile zinazozidi kuonekana hapa mjini, itolewe betri kwanza. Betri isafiri ndani ya kebini, imefungwa isigongwe.

Piga picha pikipiki pande zote nne kabla ya kuigusa, hasa kama ni ya mtu mwingine. Beba nakala ya logbuku na ya kitambulisho cha mwenyewe. Askari akikuona na pikipiki imelala nyuma ya gari jioni, ana haki ya kuuliza ni ya nani, na ni vyema jibu liwe mkononi. Ujue pia kwamba bima ya gari ya kulinda watu wengine hailipi mzigo uliobeba ukiharibika.

Kupandisha

Tumia ardhi kabla ya kutumia misuli. Tafuta mahali penye mwinuko mdogo, ukingo wa mtaro uliokauka au jukwaa la kupakia mizigo, urudishe gari nyuma hadi sakafu ya bodi ikaribiane na ardhi. Nimewahi kupandisha Boxer mbili Kariobangi bila ubao wenyewe kuinama, kwa sababu tu tulilipeleka gari kwenye kibonde. Kaza breki ya mkono, weka gia, zuia matairi ya gari kwa mawe.

Watu wawili ni lazima, watatu ni bora. Mmoja asimame kushoto kwa pikipiki, ashike usukani, kidole kikiwa kwenye breki ya mbele. Wa pili asukume kutoka nyuma akishika keria au fremu, asishike taa wala bamba la namba. Weka kreti imara ya soda au tofali pana kando ya ubao, ili anayeshika usukani apate pa kukanyaga anapopanda. Hapo ndipo wengi hupoteza mizani, pikipiki iko juu na mtu bado yuko chini.

Semezaneni kabla ya kuanza. Nani atasema twende, na nani atasema simama. Sukumeni kwa mwendo mmoja usiokatika hadi tairi la nyuma lipite ukingo. Mkichoka katikati, anayeshika usukani abane breki na aliye nyuma aendelee kuegemea. Asiachie kwa sababu breki imebanwa.

Usiiendeshe kupanda. Najua vijana wa steji wanafanya, na wengi wanafanikiwa. Anayeshindwa anakuwa juu ya ubao wa inchi 12, hana pa kuweka mguu, na bodi ya pikapu ina mita chache tu za kusimamia.

Kufunga

Hapa usiwe na haraka. Dakika 15 unazotumia sasa ndizo zinazoamua safari nzima.

Sukuma tairi la mbele liingie kwenye kizuizi, na kizuizi kiguse ukuta wa mbele wa bodi. Mtu mmoja aishike pikipiki ikiwa wima. Kunja stendi ya pembeni, kunja na ya kati. Pikipiki inayosafiri ikae juu ya matairi yake, shoki (springi za kupunguza mtikisiko) zikifanya kazi. Ukiiacha juu ya stendi ya pembeni kisha ukakaza mikanda, nguvu yote inaishia kwenye kipande kimoja cha chuma: ama stendi itapinda, ama itatoboa sakafu.

Anza na mikanda miwili ya mbele. Zungusha vitanzi laini kwenye lile pande la chuma linaloshika shoki mbili chini ya usukani, kulia na kushoto. Kama hapaingiliki, tumia usukani wenyewe karibu kabisa na katikati, kamwe usitumie ncha zake, maana usukani utazunguka na kulegeza upande mmoja. Hakikisha kitanzi hakibani waya wa klachi, waya wa spidomita wala bomba la breki. Kutoka hapo kila mkanda uelekee mbele, chini, na nje, hadi kwenye pete. Ukitazama kutoka mbele, mikanda miwili na sakafu zifanye umbo la pembetatu pana, kila mkanda ukishuka kwa mshazari wa kama digrii 45. Mikanda inayoshuka wima haizuii kuanguka upande.

Kaza kulia kidogo, kisha kushoto kidogo, zamu kwa zamu, huku mwenzako akiangalia kwamba pikipiki inabaki wima. Shoki za mbele zitaanza kushuka. Zikishuka hadi karibu nusu ya umbali zinaoweza kushuka, acha. Unataka shoki ziwe zinasukuma juu wakati wote, ili mkanda usipate nafasi ya kulegea gari linaporuka. Ukizibana hadi mwisho unaumiza sili (mpira unaozuia mafuta ya shoki), na mwenye pikipiki ataona mafuta yakivuja siku chache baadaye bila kujua yametoka wapi. Racheti ina nguvu kuliko unavyodhani. Ikikaribia mwisho vuta kwa vidole viwili tu.

Sasa mikanda miwili ya nyuma. Ifunge kwenye fremu, karibu na mahali shoki za nyuma zinaposhikwa juu, au kwenye keria kama imefungwa kwa bolti imara. Usiifunge kwenye vishikio vya plastiki vya kiti, ekzosi, wala vyuma vya kukanyagia vinavyojikunja. Ielekee nyuma, chini, na nje. Kaza kiasi cha kuzuia tu. Kazi kubwa iko mbele. Mkanda wa tano upitishe kwenye tairi la nyuma, ufunge pande zote mbili sakafuni, maana tairi la nyuma hupenda kuruka kando kwenye barabara ya makorogesheni, ile yenye mawimbi madogo ya udongo.

Kila mkanda uuzungushe nusu mara moja kabla ya kuukaza. Mkanda uliolala bapa hutetemeka kwenye upepo, na mtetemo huo hulegeza racheti. Ncha zinazobaki zifunge fundo. Ncha iliyofunguka hufika kwenye tairi la gari. Midomo ya ndoano ifunge kwa waya mwembamba au utepe wa gundi.

Weka pikipiki gia ya kwanza. Kisha shika kiti, utikise kwa nguvu zako zote kulia na kushoto. Gari lote linapaswa kutikisika pamoja na pikipiki. Kama pikipiki inatikisika peke yake, rudia.

Ukibeba mbili, ya pili iangalie nyuma, ili sukani zisigongane, na kila moja ifungwe kwa mikanda yake. Kuzifunga pamoja kama kuni ni kuziangusha pamoja.

Barabarani

Mtu yeyote asipande nyuma. Hata akisema amezoea.

Simama baada ya kilomita 5 hadi 10. Mikanda mipya hulegea kidogo, na matairi yakishakaa sawa nafasi hubadilika. Ukielekea Murang'a, ingia kituo cha mafuta kabla ya Ruiru. Ukielekea Machakos, simama kabla ya kufika Mlolongo. Gusa kila mkanda kwa mkono. Rudia kila saa moja, na kila unapotoka kwenye barabara mbovu.

Endesha kana kwamba umebeba mgonjwa. Mimi sizidishi 80 hata barabara ikiwa tupu, na matuta nayapita kwa gia ya kwanza. Mteremko wa Mai Mahiu ushuke kwa gia ya chini, usitegemee breki peke yake. Kwenye kioo chagua alama moja, mimi hutazama ncha za usukani: zikibaki mahali pamoja, endelea, zikihama, simama pembeni palipo salama.

Kushusha

Wengi wanaofunga vizuri huangusha hapa, wakiwa wamefika na wamechoka. Funga ubao kwanza, kisha fungua mikanda ya nyuma, na mwenzako awe ameishika pikipiki kabla hujagusa racheti za mbele. Racheti za mbele zifunguliwe polepole. Shoki zitainuka ghafla na usukani utakupiga kidevu ukiwa umeinama juu yake.

Pikipiki inashuka kinyumenyume. Breki ya mbele haitakusaidia sana, kwa sababu uzito umehamia tairi la nyuma lililo chini, na la mbele litaserereka tu juu ya ubao. Tumia klachi. Injini ikiwa imezimwa na gia ya kwanza iko ndani, bana klachi pikipiki itembee, achia ikwame. Bana, achia, hatua kwa hatua, hadi tairi la mbele liguse chini. Mwenzako asimame pembeni akishika keria. Asisimame nyuma yake.

Ikishatua, pitisha kidole kwenye mabomba ya shoki za mbele uone kama kuna mafuta. Rudisha vioo, fungua koki, iwashe, na uizungushe taratibu ukijaribu breki zote mbili kabla hujamkabidhi mwenyewe ufunguo.